NYUMBA ILIYOPIKIWA SUMU
Sehemu ya Tisa: Mito ya Zambarau

"Chukua mto wako! Chukua kabla sijakuvisha kichwani!"

Mto ukaruka juu ya ukuta, ukagonga kamba ya nguo, ukatua miguuni mwa Fundi. Ulikuwa mto mzuri, wa kitambaa kizito cha zambarau, una maua yaliyotariziwa pembeni. Fundi aliutambua mkono uliotarizi maua yale. Ni wake mwenyewe.

"Jirani, tuongee polepole."

"Polepole gani? Mjukuu wangu anakohoa wiki ya tatu! Macho mekundu kama mtu aliyekatiwa vitunguu puani! Kumbe mtoto kalalia sumu, na sumu umeishona wewe, ukaniletea mlangoni na kisahani cha biskuti!"

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi kasimama uani kwake, kinywa wazi, Bwana Afya kachuchumaa mbele yake. Mnakumbuka alichofanya bwana yule. Alisugua ukuta wa chumba cha uani kwa kipande cha pamba, akaitumbukiza pamba kwenye kichupa, maji yakageuka buluu kama wino. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Mama, humu ndani palipikwa dawa za kulevya." Kisha akauliza vitambaa vya humo ndani vilikwenda wapi, na Fundi akajibu, "Nilishona mito."

Na nani alikuwa juu ya kigoda upande wa pili wa ukuta, sikio limesimama? Mama Redio, nani tena. Mwanamke ambaye habari ikiingia kwake inafika mwisho wa mtaa kabla mwenyewe hajavaa viatu.

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, sogea, nafasi ipo. Fundi ni mshona nguo, mjane, na mwenye mkono mgumu wa kutupa vitu. Miezi minne iliyopita alinunua nyumba hii kwa Dalali, baada ya kushona sare za shule za watu miaka kumi na tano. Chumba cha uani alikikuta kimetundikwa mapazia mazito ya zambarau, kutoka dari mpaka sakafuni. Mwingine angeyachoma. Fundi cherehani hachomi kitambaa. Aliyafua, akayakata, akashona mito saba, akagawa mmoja kila nyumba. Ndiyo ilikuwa salamu yake kwa mtaa: mimi mgeni wenu, nipokeeni.

Wenzetu waliokuwa wakipika dawa walikuwa wameyatundika mapazia yale ili macho ya watu yasipenye, na mvuke usitoke nje. Mapazia yakaunywa ule mvuke miaka miwili.

Akashona na mto wa nane, mkubwa kuliko yote. Huo alimpa binti yake wa miaka sita, akamtandikia kitanda katika chumba kile kile cha uani kwa sababu kina jua la asubuhi. Leo binti ana siku ya kumi na moja hospitalini, mrija puani.

Sasa turudi ukutani.

"Nilijua tu!" Mama Redio alikuwa anafoka. "Nilijua nyumba ile itakuja kutumaliza!"

Fundi akainua uso. "Umesemaje?"

"Nimesemaje?"

"Umesema ulijua."

Wasomaji wangu, Mama Redio amekosa la kusema mara mbili katika maisha yake. Mara ya kwanza ni siku mumewe alipoaga dunia. Ya pili ni hii.

"Jirani," Fundi akasogea ukutani, sauti imeshuka. "Ulijua nini?"

"Aa, shoga, si maneno tu ya hasira..."

"Ulijua nini?"

Mama Redio akatazama kulia, akatazama kushoto. Siri ilikuwa imemkaa kooni miezi minne, na mwanamke yule hajaumbwa kukaa na kitu kooni.

"Basi nani hakujua? Mtaa mzima tulijua! Wanaume wanne, madirisha yamefungwa mwaka mzima, feni zinanguruma. Harufu yenyewe kama mkojo wa paka umemwagiwa rangi ya kucha. Kuku wangu watatu walikunywa maji ya mfereji wao, wakafa wamesimama. Ulitaka tuseme? Wale watu wana macho ya kuua!"

"Siku niliyokuja kuiangalia nyumba ulikuwa umekaa hapo barazani kwako," Fundi akasema. "Nilikusalimia. Nikakuuliza kama nyumba ina shida yoyote. Ulinijibuje?"

Mama Redio akaanza kukunja pindo la kanga yake.

"Ulinijibuje, jirani?"

"Nilikujibu... ina upepo mzuri."

Fundi akacheka. Si kicheko cha kupendeza, nawaambia.

"Wale walikuwa wameshakimbia," Mama Redio akajitetea haraka haraka. "Lakini nyumba tupu wangeirudia. Tukawa tunaomba usiku na mchana apatikane mtu wa kukaa. Ukaja wewe. Mjane, mtoto mmoja, cherehani. Mtu wa heshima. Tukasema afadhali."

"Afadhali mimi."

"Afadhali wewe, ndiyo. Usinitazame hivyo! Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Nilikuletea mto," Fundi akasema. "Mlijua umetoka humo ndani, mkaupokea?"

"Tungejuaje umetoka humo? Si ulisema umeushona mwenyewe! Ningejua ningemlaza mtoto wa mwanangu juu yake?"

Mnaona mambo hayo? Walimwachia mgeni sumu waliyoikwepa wao, naye akaikata vipande, akaitarizi maua, akawarudishia nyumba kwa nyumba. Nao wakasema ahsante, Mungu akubariki, mkono wako una baraka.

Bwana Afya akakohoa. Alikuwa bado pale, kichupa mkononi, na wanawake walishamsahau. Ni mtu mwembamba, mpole, wa kusema mambo mabaya kwa sauti ya kumwelekeza mtu posta ilipo.

"Mama Fundi, samahani. Kesho saa sita nafunga nyumba. Hakuna kulala humu. Plasta yote ibanduliwe, dari itolewe, sakafu ivunjwe, vifukiwe mbali. Kwa gharama ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye aliyewaweka wale wapikaji!"

"Mwenye nyumba ni ambaye jina lake liko kwenye hati. Jina la nani?"

Fundi akausogeza mto kando kwa ncha ya kiatu.

"Na ile mito saba," Bwana Afya akaendelea, pole pole vile vile, "umeshona wewe, umegawa wewe. Watoto watatu wa mtaa huu wapo kwenye orodha yangu. Wazazi wao wakienda mahakamani, watakutaja wewe."

"Mimi ninakwenda!" Mama Redio akadakia.

"Jirani, nyamaza kidogo," Bwana Afya akasema. Nyie, alinyamaza! Ndiyo maana nasema ni mtu wa ajabu yule bwana.

Fundi akaketi juu ya beseni lililogeuzwa. "Mwanangu yupo kwenye mrija. Nyumba mnafunga. Halafu na mashtaka juu. Hakuna njia?"

"Ipo moja. Aliyekuuzia, kama alijua akakuficha, mzigo wote unahama. Nyumba anaichukua yeye, fedha yako anarudisha, na watoto wote wanakuwa wake kuwatibu, wako akiwa wa kwanza. Lakini nimeshamhoji. Ameniambia aliinunua kwa mzee mmoja, akapaka rangi, akauza, chumba cha uani hakina tofauti na vyumba vingine. Na kwenye mkataba umetia sahihi kwamba umeikagua nyumba ukaridhika nayo kama ilivyo. Bila mtu wa kusema alijua, mimi sina kitu."

Fundi akageuka ukutani.

"Usinitazame!" Mama Redio akaruka. "Mahakamani siendi. Wale watu wanne hawajakamatwa. Mimi nina wajukuu."

"Hukuona chochote? Wewe? Wewe unayejua mpaka rangi ya mswaki wangu?"

Hapo ndipo Mama Redio akashindwa kujizuia, maana kumwambia yule mama hajaona kitu ni kumtukania ukoo.

"Niliona kila kitu! Dalali wako hajawahi kuingia chumba kile. Hata siku moja! Wapaka rangi aliwasimamia kutoka kizingitini, leso puani. Siku alipokuonyesha nyumba, ile mvua ilipomwagika ghafla, wewe ulijikinga ndani ya chumba, yeye akabaki uani analowa kama mbuzi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma!"

Fundi akasimama taratibu. Alikumbuka. Alimkaribisha siku ile ajikinge na mvua, naye akajibu, "Viatu vyangu vina tope, sitaki kukuchafulia." Viatu vilikuwa vinang'aa kama kioo.

"Mtu asiyejua," Fundi akasema, "akikaribishwa kula katika chumba kile, ataingia. Sivyo?"

Bwana Afya akafunga kichupa chake. "Mama, mimi ni mtumishi wa serikali. Sichezi maigizo."

"Sikuombi ucheze. Nakuomba usimame nje ya dirisha. Akisema mwenyewe kwa nini haingii, si utasikia?"

Bwana Afya akatazama saa yake. "Dakika kumi. Na mtu akitaka kutia tonge mdomoni, naingia kuzuia."

"Hatatia," Fundi akasema. "Ndiyo maana yenyewe."

"Ushahidi sitoi," Mama Redio akasema, ameshapandisha mguu mmoja juu ya ukuta, uso unang'aa. "Lakini wali naweza kupika. Jiko langu safi. Mna kuku?"

Hivi ndivyo alivyo. Asubuhi atakushtaki, mchana atakupikia, ilimradi shughuli isimpite.

* * *

Kumpata Dalali haikuwa kazi. Fundi alimpigia simu akamwambia maneno anayoyapenda kuliko jina la mama yake: "Nataka uniuzie nyumba tena."

"Dada yangu! Imekuchosha mapema hivyo?"

"Mtoto anaumwa. Nataka kuhama. Njoo kesho mchana tuzungumze, nitakuwekea chakula."

"Pole sana kwa mtoto. Nakuja. Usimwambie dalali mwingine!"

Kesho yake saa tano na nusu meza ilikuwa katikati ya chumba cha uani. Sahani mbili, wali, kuku wa mchuzi, jagi la maji, vyote vimefunikwa. Kitanda cha mtoto kimeegemezwa ukutani, hakina godoro. Juu ya rangi nyeupe ya Dalali, madoa ya manjano yalikuwa yameanza kutokeza upya, kama jasho kwenye shati. Dirisha wazi nusu. Nje yake, mgongo ukutani, Bwana Afya na daftari.

Gari jeupe likasimama. Dalali akashuka, shati limenyooshwa, manukato yametangulia hatua tano.

"Hodi wenye nyumba! Dada, umekonda!"

"Hospitali inakondesha. Karibu. Pitia huku uani, nimekuandalia."

Walifika kizingitini. Fundi akaingia. Dalali akasimama.

Mimi na wewe tulijua atasimama. Lakini Fundi, alipomwona kwa macho yake amesimama pale, ncha za viatu zimekomea usawa wa mlango kana kwamba mbele yake kuna shimo, alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nywele. Siku kumi na mbili za mrija. Na huyu alikuwa anajua.

"Ingia, kaka. Chakula kinapoa."

"Aa, dada, tukae hapa hapa uani. Hewa nzuri."

"Jua kali hili?"

"Nalipenda jua."

"Chumba kina shida?"

"Shida gani! Chumba kizuri. Mimi tu... nimeshiba. Nimetoka kula sasa hivi."

"Jana si nilikwambia nakuwekea chakula?"

"Tumbo, dada. Linanisumbua tangu asubuhi."

Ameshiba na tumbo linamsumbua. Nje ya dirisha kalamu ikakwaruza karatasi. Lakini tumbo si ushahidi. Fundi alilijua hilo. Mtu ana haki ya kukataa wali.

"Basi ingia ukae tu. Hata usile."

"Sina muda, dada. Nina mgonjwa ndani ya gari."

"Mgonjwa?"

"Mama yangu. Nimemtoa kliniki, kifua kinambana. Kwa hiyo tuzungumze bei haraka hara..."

Hakumaliza. Kutoka mbele ya nyumba ilisikika sauti ya Mama Redio, ile ile inayoamsha watoto mtaa wa pili.

"Jamani, jamani! Mama wa watu anachemka ndani ya gari na sisi tupo? Hapana! Nipe mkono, mama. Huku kuna kivuli, kuna maji, kuna chakula!"

Je, Mama Redio alifanya hivyo kwa roho nzuri, au alikuwa amepiga hesabu? Nimemuuliza mara nyingi. Kila mara ananijibu tofauti.

Bibi akatokea uani. Mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, kijichupa cha dawa ya kuvuta kikining'inia shingoni kwa kamba. Kila hatua tatu anasimama kuvuta pumzi, na kila anaposimama anatabasamu, kana kwamba anawaomba radhi watu kwa kuwachelewesha.

"Hamjambo wanangu? Nimewaingilia."

"Mama, rudi garini," Dalali akasema.

"Garini kuna moto! Huyu ndiye dada uliyemuuzia nyumba? Mwanangu alinisimulia. Alisema, mama, leo nimempatia mjane nyumba. Nikamwombea dua. Ana roho nzuri huyu, mama. Toka mdogo."

Fundi akamtazama bibi. Wasomaji wangu, hapa nataka mtulie. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Mama, tukae nje." Neno moja tu. Lilifika ulimini. Halafu akaona kitanda cha mwanawe kisicho na godoro, akasikia ile mashine ya wodini inayopumua badala ya mtoto.

Akavuta kiti.

"Karibu ndani, mama. Kaa hapa, penye kivuli."

Bibi akapita ubavuni mwa mwanawe, akavuka kizingiti, akaketi. Dalali alinyoosha mkono kumzuia. Mkono ukafika usawa wa mlango, ukarudi.

"Mama," akasema, "twende. Tumechelewa."

"Tumechelewa wapi? Si umeniambia leo huna kazi?"

"Daktari amekukataza mafuta."

"Kuku huyu hana mafuta. Chumba kizuri, mwanangu! Kina harufu ya kitu fulani... ni rangi?"

"Rangi ya mwanao, mama," Fundi akasema, macho hayabanduki kwa Dalali. "Aliipaka vizuri sana. Kaka, mama anauliza harufu ni ya nini. Mwambie."

Jasho lilikuwa limechora mfereji mgongoni mwa shati lake. Ndani yake kulikuwa na watu wawili wanagombana, na wote waliokuwa pale waliwaona: mmoja anataka kupiga kelele mama toka, mwingine anapiga hesabu ya nyumba, ya kesi, ya watoto watatu na wa nne mwenye mrija. Ukipiga kelele, umekubali ulijua. Ukinyamaza...

Alinyamaza.

Bibi akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Akavuta dawa yake, akatabasamu, akafunua sahani.

"Mama, tukale hotelini," Dalali akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Nitakununulia chochote. Hoteli kubwa. Njoo."

"Chakula cha mtu kimeandaliwa, nikikimbie niende hotelini? Nimekulea hivyo mimi?"

Dirishani kivuli cha Bwana Afya kikasogea. Fundi, bila kugeuka, akainua kiganja chake nyuma ya mgongo: subiri. Mama Redio alikuwa ametia vidole mdomoni.

Bibi akakohoa tena, safari hii muda mrefu, macho yakamtoka machozi. Akajifuta kwa pindo la nguo yake. Kisha akavuta sahani ya pili, akapakua wali, akachagua paja la kuku, lile kubwa, akaliweka juu. Akaisogeza sahani upande wa kiti kitupu, akamtazama mwanawe aliyesimama kwenye jua.

"Unaniaibisha mbele za watu, mwanangu. Nimekupakulia. Ingia, ukae na mama yako, ule."